Shilingi Ishirini za Salamu

Karisa alikuwa ameshafungua skrubu mbili za kisanduku cha sarafu, na ya tatu ilikataa. Aliitia tone la mafuta, akangoja, akaijaribu tena kwa bisibisi ndogo. Nje ya kibanda cha simu, foleni ilikuwa imefika mpaka kwa wauza nyanya wa Ukunda, na kila aliyesimama ndani yake alikuwa na la kusema.

"Fundi, tutazeekea hapa!"

"Simu gani hii, inakula kuliko mbuzi!"

"Kaka," ikasema sauti ya kike karibu na sikio lake, "hiyo skrubu unaifungua au unaiposa?"

Karisa aligeuka. Alimwona msichana mrefu, amevaa gauni la rangi ya chungwa lenye kola nyeupe, na utepe wa kupimia nguo ukining'inia shingoni kama mkufu.

"Naibembeleza," alisema. "Ukiilazimisha, hukatika kichwa."

"Na sarafu zangu tatu zilizomezwa humo, nazo zitabembelezwa?"

Skrubu ililegea. Kisanduku kilifunguka, na sarafu zikamiminika ndani ya mfuko wa turubai. Msichana alinyoosha mkono.

"Hizo za juu ni zangu."

"Siwezi kukupa, dada. Zikishaingia humu zinahesabiwa ofisini." Karisa alitia mkono katika mfuko wa shati, akatoa sarafu tatu za shilingi tano. "Chukua hizi."

"Si zinafanana?"

"Zinafanana. Lakini hizi ni zangu, naweza kuzigawa."

Msichana alimtazama kwa makini, kama anayekagua kitambaa anachokishuku kuwa na tundu mahali fulani, kisha akacheka. Aliitwa Syovata. Alikuwa mshonaji wa Majimboni, nyuma ya Shimba Hills, ambako baba yake, Mzee Muange, alipewa shamba tangu yeye hajazaliwa. Alishona sare za wafanyakazi wa hoteli za Diani, na alishuka Ukunda mara moja kwa mwezi kuchukua vipimo.

Mapenzi yao yalianzia hapo, na matatizo yao pia.

Majimboni nzima ilikuwa na simu moja, katika duka la Kavumbi. Kutoka Ukunda ni mwendo wa asubuhi moja kwa baiskeli, lakini simu ilihesabiwa ya mbali, na sarafu ziliisha upesi. Watu wa mjini walizungumza na majirani zao mpaka sikio likapata joto. Wa Majimboni walizungumza kama wanaokimbizwa. Tena Kavumbi alitoza shilingi kumi kwa kumwita tu mtu aje apokee, na akishapiga simu yeye mwenyewe, aliifunga kwa kufuli ndogo kana kwamba ni ghala la mahindi.

Kila Jumatano saa kumi, Karisa alipiga.

"Mpenzi?"

"Sema haraka, Kavumbi ananitazama."

"Nimekukumbuka."

"Umeshasema Jumatano iliyopita. Leta jipya."

"Nimenunua kitanda."

"Kitanda! Kwa ruhusa ya nani?"

"Cha futi nne na—"

Simu ilikatika. Syovata alibaki ameshika mkono wa simu, anacheka na kukasirika kwa pamoja. Ilimbidi angoje wiki nzima kujua ni futi nne na nini.

"Wewe ni fundi wa simu," alimwambia walipokutana Ukunda. "Una simu ya majaribio kiunoni, ukiichomeka kwenye waya juu ya nguzo unaongea na dunia. Mimi sijapata hata dakika tano zako!"

"Bili inamwendea mwenye waya, Syo."

"Ungethubutu hata mara moja, ningekuwa na hakika unanipenda."

"Unanikasirikia bure."

"Sikukasirikii wewe. Nazikasirikia sarafu. Lakini sarafu hazina masikio, ndiyo maana nakuambia wewe."

Mwezi wa Agosti, mwaka wa tisini na nane, Mzee Muange alitoa neno lake la mwisho. Wazee wa kijana waje kuposa Jumamosi. Wasipokuja, Syovata aende Kibwezi kwa shangazi yake, ambaye alikuwa amemtafutia kazi katika duka la nguo, na habari za Karisa zikomee hapo. Karisa alikubali. Mjomba wake Tembo, wa Matuga, ndiye angeongoza ujumbe.

Alhamisi jioni, Tembo alifiwa na shemeji yake. Maziko yalikuwa Jumamosi hiyo hiyo. Wangeweza kwenda Majimboni Jumapili, si kabla.

Ijumaa Karisa alikuwa Msambweni, juu ya nguzo, anaunga waya wa simu ya mama mmoja mwenye nyumba ya wageni. Mwenzake Katana alishikilia ngazi.

"Piga kutoka huko huko juu," Katana alisema. "Waya unao, simu unayo, mchumba unaye. Wangoja nini?"

"Mama huyu atalipia."

"Ataona shilingi hamsini katika bili, atalalamika kama watu wote, atalipa. Nani asiyelalamika?"

"Ndiyo maana wanalalamika, Katana."

Alimaliza kuunga waya. Alishuka, akaenda kwenye kibanda cha simu kilicho karibu na soko. Alikuwa na sarafu nne za shilingi tano, na maneno aliyapanga njiani: wazee wanakuja Jumapili, si Jumamosi, mjomba amefiwa. Sarafu moja ingeyatosha.

Kavumbi aliitika. Kwa bahati, alisema, Mzee Muange yuko dukani sasa hivi, ananunua chumvi.

Mzee Muange alizaliwa Ukambani, lakini miaka yote aliyokaa pwani alikuwa ameipenda adabu ya pwani kuliko wenyeji. Salamu kwake ilikuwa kama chakula, haiachwi nusu. Na Karisa, aliyelelewa na nyanya yake Matuga, hakuwahi kumkatiza mtu mzima tangu alipojifunza kusema.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu! Nani mwenzangu?"

"Karisa, mzee."

"Karisa! Hujambo? Wazima huko?"

"Wazima, alhamdulillahi. Mzee, nilitaka—"

"Na nyanya yako, mguu wake?"

Sarafu ya pili iliangukia ndani.

"Unaendelea vizuri. Hapo nyumbani, mama hajambo?"

"Hajambo kabisa. Ng'ombe amezaa. Mvua huko?"

"Kidogo, mzee. Kuhusu Jumamosi—"

Ya tatu.

"Jumamosi, naam! Mbuzi nimeshamfunga kando. Majirani nimewaambia. Na mjomba wako Tembo, hajambo?"

Ya nne.

"Mzee, mjomba—"

Simu ilikatika.

Karisa alikimbia kutafuta chenji. Mwuza samaki hakuwa nayo, wa pili alitaka anunue kwanza. Alipopata sarafu na kurudi, simu ya Majimboni iliita, ikaita tena, ikanyamaza. Kavumbi alikuwa ameshafunga duka.

Jioni ile Mzee Muange alifika nyumbani uso umenawiri.

"Kijana amepiga simu. Mambo yote sawa. Mtoto ana adabu yule!"

Jumamosi mbuzi alichinjwa. Majirani walikaa vitini tangu saa nne mpaka saa kumi na moja. Syovata, katika gauni jipya la buluu, alisikia kila baiskeli iliyopita njiani. Hapakuja mtu. Majirani walikula, wakashukuru kwa sauti ndogo, wakaondoka.

"Jumatatu utapanda basi la Kibwezi," Mzee Muange alisema, akaingia ndani.

Jumapili mchana Syovata alikuwa uani, amevaa kanga kuukuu, anapukuchua mahindi. Alisikia hodi. Karisa alisimama mbele ya wazee wawili, shati lake jeupe limepigwa pasi, suruali imejaa udongo mwekundu mpaka magotini.

"Umepotea njia," Syovata alisema. "Wageni walikuwa jana."

"Mjomba alifiwa. Nilipiga Ijumaa kuwaambia."

"Ulipiga! Baba amesema ulipiga, ukamsalimu, ukakata."

"Sikukata. Sarafu ziliisha, shilingi ishirini zote."

"Ziliishia kwenye nini?"

Karisa aliona haya. "Mguu wa nyanya," alisema. "Kisha ng'ombe. Kisha mvua."

Mzee Muange, aliyetoka ndani na uso wa kufukuza watu, alisimama.

"Ngoja," alisema polepole. "Mimi ndiye niliyeuliza mvua."

"Baba!"

"Na mguu pia. Sasa mtu hauliziwi nyanya yake?"

"Baba, shilingi ishirini! Dakika zote zile! Na wewe, Karisa, huna mdomo? Si ungesema kwanza, ukasalimu baadaye?"

"Nimwambie baba yako habari ya msiba kabla ya shikamoo?"

Syovata alilitupa gunzi kwenye ungo. Mzee Muange alikwenda kwa Tembo, aliyesimama nyuma ya Karisa, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akampa pole ya msiba, akawakaribisha wazee ndani.

Wawili walibaki uani.

"Haya," Syovata alisema. "Hapa hakuna sarafu wala Kavumbi. Lile unalotaka kusema miezi yote hii, liseme lote."

Karisa alikaa kwenye kigoda. Alichukua gunzi, akaanza kupukuchua, safu moja, kisha ya pili.

"Nataka tuishi nyumba moja," alisema, "ili nisikupigie simu tena maisha yangu yote."

Syovata aliinama juu ya ungo. Mabega yalitikisika, na Karisa hakujua kama analia, mpaka alipoinua uso, anacheka.

"Futi nne na nini?" aliuliza.

"Na nusu."

"Kidogo. Mimi nalala kwa kujitupa."

"Nitakiongezea ubao."

Alasiri ilipofika, mama yake Syovata alichungulia mlangoni. Wazee walikuwa ndiyo kwanza wamemaliza kuulizana habari za koo zao, alisema. Mambo ya mahari hayajaguswa. Wageni watalala, wataendelea kesho.

"Kesho nina kazi Ramisi," Karisa alisema. "Itabidi nimwarifu Katana."

"Utamwarifu kwa simu ipi?" Syovata aliuliza, akisukuma gunia la mahindi, lililobaki zaidi ya nusu, kuliegemeza ukutani. "Acha hilo gunzi. Tutamalizia kesho."