Kivuli cha Fundi Cherehani

Jioni ya Jumanne, tarehe 14 Machi 2017, nesi alinituma nimpelekee kaka yangu majibu. Sote wawili tuliugua Parkinson, yale maradhi ya kutetemeka, na sote tulijiandikisha katika jaribio la dawa mpya. Nusu ya washiriki walipewa dawa. Nusu, vidonge vya unga mtupu. Hata daktari hakujua nani kapewa nini, hadi siku hiyo.

Kaka, fundi cherehani, alikuwa amepona. Mimi, karani mstaafu niliyesifika kwa mwandiko, sikuweza hata kutia sahihi. Husuda ilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Nilimkuta akitunga uzi kwenye sindano. Mara moja tu, ukapita.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, Bwana Karani. Bado mwandiko ni wa kuku aliyekanyaga wino?"

Sikucheka. "Majibu yametoka. Wewe ulipewa unga. Dawa nilipewa mimi."

Akaiweka sindano mezani. Chumba kilinuka nguo inayoungua, ilhali pasi ilikuwa baridi...

"Basi nani amekuponya?"

"Usitazame ukutani," akanong'ona.

Nikatazama.

Mkono wake ulikuwa umetulia juu ya meza. Kivuli chake kilikuwa kikitetemeka.

"Alikuja mtu," akasema, sauti ikififia. "Akaniuliza: nikikuondolea tetemeko hili, niliweke wapi? Nikamjibu, popote nisipopahitaji."

Ningeogopa, lau nisingekuwa na wivu.

"Tangu utotoni kila kizuri huanzia kwako! Mwambie aje na kwangu."

"Mdogo wangu, futa kauli! Upesi!"

Hodi...

Ilitoka mlangoni. Na sauti ilikuwa yangu mimi.

Tangu jioni ile mkono wangu haujatetemeka. Maandishi haya ni yangu, na kila ayaonaye huyasifu. Mke wangu tu ndiye hasemi kitu. Amehamia chumba cha pili, kwani hawezi, asema, kulala akiutazama ukuta wenye kivuli changu.

Tarehe 2 Juni, kivuli cha kaka kilitulia. Aliniita nikione, akicheka kama mtoto aliyepewa kiatu kipya. Roho ikaniuma upya: kwa nini yeye tena, kwa nini si mimi?

Tarehe 3 tulimzika.

Leo magharibi nimewasha taa, nikaketi kuandika.

Kivuli changu kimetulia.