Hakimu Aliyejibu Bila Kugeuka

Swali lenyewe lilikuwa dogo, ndiyo maana lilijibiwa haraka. Lingekuwa kubwa, mama aliyelijibu angekaa kwanza akafikiri.

Wachezaji walimwita Hakimu, na jina hilo lilimkaa kuliko alilopewa na wazazi wake. Yeye na kaka yake walikuwa wakitengeneza mchezo wa karata wa zama za ngome, wafalme na wapiganaji wa farasi. Dada alitunga kanuni, kaka alichora. Alichora sura za watu wa nyumbani, maana ndio waliokubali kukaa bila kusogea: Malkia alikuwa marehemu mama yao, Mpiganaji alikuwa kaka mwenyewe na misuli ya kukopa, karata ya Hakimu ilikuwa dada mtu, na ile ndogo kuliko zote, Mtoto wa Mfalme, ilikuwa sura ya Kidoti, binti pekee wa Hakimu, mwanafunzi wa darasa la kwanza.

Kila Jumamosi mchana marafiki zao watatu, fundi cherehani, dereva na muuguzi, walikuja sebuleni kuujaribu mchezo. Kanuni ni kama suruali mpya, hujui inabana wapi mpaka uivae. Ukitokea utata, mchezo husimama, Hakimu huwapa mgongo, mwenye swali huuliza, naye hujibu bila kugeuka. Walijiwekea hivyo ili asijue jibu litamfaidi nani. Na akishasema, neno lake halibadilishwi mpaka mchezo uishe. Utaratibu mzuri, nani angekataa?

Siku hiyo utata ulikuwa kwenye karata ya Mgeni. Iliandikwa kwamba Mgeni huingia ngomeni akialikwa, lakini haikusema kualikwa ndiyo kufanywaje. Hakimu akasimama dirishani, mgongo kwa meza, na sauti ya kiume ikamuuliza taratibu, "Hakimu, kiti kilichoachwa wazi mezani si mwaliko tosha?"

"Kinatosha," akajibu. "Aliyeacha kiti wazi amemkaribisha mgeni."

Akageuka. Fundi cherehani alikuwa anamtazama dereva, na dereva anamtazama kaka mtu.

"Mbona unajibu hatujauliza?" akasema fundi cherehani, ambaye mdomo wake haukosi utani. "Au uzee ndio unabisha hodi?"

Wakacheka. Hakimu naye akacheka, ila macho yakamwendea kwenye kiti cha muuguzi, ambaye siku hiyo alikuwa kwenye zamu kazini. Kilikuwa kimevutwa nyuma kidogo, kama mtu anavyokivuta akitaka kukaa. Na sebule ilianza kunuka kuni zilizozimwa kwa maji. Hamu ya kucheza ikawaisha, wakaziacha karata mezani kama zilivyo, watamalizia wiki ijayo.

Harufu haikutoka. Hakimu alifua mapazia, akasugua sakafu, kaka akapanda darini kutafuta panya aliyekufa. Wapi.

Jumamosi iliyofuata muuguzi alikuja, lakini alikigusa kile kiti akakiacha. Alisema kina baridi, akajivutia stuli. Mchezo ukaendelea, na utata ukamrudia Mgeni yule yule: akishaingia ngomeni, anawekwa wapi? Hakimu akawapa mgongo. Safari hii sauti ilifanana kabisa na ya dereva.

"Alale chini ya nani?"

"Chini ya karata iliyo ndogo kuliko zote," akajibu Hakimu. "Mdogo hana silaha, basi mgeni atamlinda."

Nyuma yake dereva akanong'ona, "Dada, mimi sijafungua mdomo."

Hakuna aliyecheka. Fundi cherehani alijaribu kusema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini aliishia njiani. Wakaondoka mmoja mmoja, mchezo wakauacha katikati kwa mara ya pili.

Jioni ile, jua halijazama, Hakimu alimkuta Kidoti amelala kifudifudi sakafuni, akiongea na uvungu wa kitanda.

"Unaongea na nani, mama?"

"Na mgeni," Kidoti akasema. "Anasema wewe ndiye uliyempangia hapa."

Hakimu akainama. Uvunguni mlikuwa na ndala na mwanasesere, basi. Lakini harufu ya moshi uliolowa ilimpiga usoni, na kutoka nyuma ya ile ndala, mahali ambapo hata paka asingeenea, alisikia karata zikichanganywa, polepole, zikipangwa na kuchanganywa tena, na mikono ambayo haikuwa na haraka yoyote kwa sababu ilishapewa ruhusa ya kukaa. Akamvuta mwanawe kwa mguu, akatoka naye mbio.

Haikusaidia kitu. Popote Kidoti alipolala, Mgeni alilala chini yake, hata kwenye kitanda cha mama. Mtoto akaacha kula. Vidole vyake vikawa baridi na vinanuka moshi. Muuguzi akampima, akarudia kupima, akasema hospitali haina jina la ugonjwa ule, na kwamba kwa anavyofifia, huyu mtoto hana siku nyingi.

Ndipo kaka alipomleta mganga, mwanamke mnene wa maneno machache. Alinusa mlangoni, akakataa kuketi.

"Huyu hakuvunja mlango, mwanangu. Ameingia kwa kauli yako, na kauli yako mimi siwezi kuifuta. Mchezo wenu uliisha?"

"Haujaisha."

"Basi umalizeni. Mgeni wenu hutokaje?"

"Mchezo ukiisha hutoka," Hakimu akasema, "na akitoka huchukua karata moja."

"Ipi?"

Karata haikusema ipi, na hakuna aliyewahi kuuliza.

"Atauliza yeye," mganga akasema. "Usipojibu, hatoki. Changa karata zako vizuri."

Alasiri hiyo hiyo wakaketi. Kidoti alikuwa mapajani mwa muuguzi, amefunikwa blanketi, macho nusu. Walicheza bila neno, karata baada ya karata, na kila Hakimu alipoweka yake mezani ilionekana nyingine imesogea upande wa kile kiti kitupu, na harufu ikazidi mpaka wakawa wanapumua kwa midomo, na mwanga wa dirishani ukawa kama unaingia kwa kulazimishwa, hadi ngome ya mwisho ikaanguka na mchezo ukawa umekwisha. Hakimu akasimama. Akawapa mgongo. Pumzi baridi ikamgusa shingoni.

"Mgeni akitoka, nani anachagua karata ya kwenda nayo?"

"Mwenye ngome aliyemkaribisha," akajibu. Jibu alikuwa nalo tayari.

"Haya, achague." Sauti ilikuwa na kicheko ndani yake. "Ila mgeni hapewi mfu."

Malkia basi hakufaa. "Mpe yangu," kaka akanong'ona. "Mpe yangu, dada, tumalize."

Hakimu alimpenda kaka yake, na mwanawe alimpenda kuliko kitu chochote duniani. Akageuka, akachukua karata yenye sura yake mwenyewe, akaiweka juu ya kile kiti.

Mara karata haikuwepo tena. Mlango wa mbele ukafunguka wenyewe na kujirudishia, na harufu ikatoka nao kana kwamba haikuwahi kuwepo. Fundi cherehani akaanza kulia kama mtoto. Mganga akashusha pumzi.

"Mgeni ameondoka, mwenyeji amepona," akasema.

Na kweli, mashavu ya Kidoti yalikuwa na joto. Akajinyoosha, akapiga miayo. "Mama, nina njaa."

Hakimu akamkimbilia, akampokea kutoka kwa muuguzi, akafungua mdomo kumjibu. Hakuna kilichotoka. Akajaribu tena, koo likatetemeka bila sauti, na mganga alipomwona akarudi nyuma mpaka ukutani.

Nje, ng'ambo ya mlango uliofungwa, sauti ya Hakimu ikaita kwa upole.

"Njoo, Kidoti wangu. Chakula kiko tayari huku nje."

Hakimu akamkumbatia mwanawe kwa nguvu zake zote. Kidoti akamsukuma, akampiga kifuani kwa ngumi zake ndogo, macho yakiwa mlangoni.

"Niache," akalia. "Niache, mama ananiita."