Saa Nne ya Nakonde

Malori yalikuwa yamefunga barabara ya Tunduma kuanzia forodhani hadi kituo cha mafuta, na wabadilisha kwacha za Zambia walipita katikati yake wakiita wateja. Atupele alirudi nyuma kukwepa toroli la mchele, akamkanyaga mtu.

"Dada, umechagua kiatu nilichokipiga kiwi leo," mtu huyo alisema.

Jina lake lilikuwa Twaibu, mwenyeji wa Kondoa, muuza simu mwenye kibanda cha vioo hatua chache kutoka mpaka wa Zambia. Atupele, aliyevaa gauni la kitenge cha zambarau, alikuwa katibu wa kikundi cha wakulima wa kahawa Isansa. Alitaka simu kubwa ya kuwapigia wanunuzi picha za kahawa, na mchuuzi wa barabarani alikuwa anamuuzia moja kwa nusu bei.

Twaibu alimwomba mchuuzi aiwashe kwanza. Alibonyeza nyota, reli, sifuri, sita, reli, akalinganisha namba iliyotokea na ile ya kwenye boksi. Hazikufanana. Mchuuzi akaitwaa simu yake, akaondoka.

Kibandani, Twaibu aliweka mezani simu mbili zilizokuwa ghali kuliko zote mwaka ule wa 2014. Ya kwanza ilikuwa ya bati jembamba, nzuri kama pambo, lakini haifunguki. Ya pili ilikuwa ya plastiki, betri yake inatoka na kadi ya kumbukumbu inaingia. Alimtaka Atupele apige picha ya kiganja chake juani, kisha kivulini, kwa simu zote mbili.

"Usiulize ipi bora," alisema. "Umeme ukikatika Isansa siku mbili, utafanyaje?"

"Nitakupigia nikulaumu."

"Basi chukua hii, nikupe na betri ya pili. Unilaumu siku zote mbili."

Kabla ya kumkabidhi, alizima kitu kimoja: saa inayojirekebisha yenyewe. Alimweleza kwamba hapa simu hizi hunasa mnara wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na Zambia wako nyuma kwa saa moja. Kila mteja alimfanyia hivyo. Yeye mwenyewe alitumia kitochi, kisimu kidogo cha vitufe, ambacho saa yake huwekwa kwa mkono.

Alilaumiwa kwa simu mwaka mzima. Kila jioni Atupele alimpigia, na siku ambazo hakupiga, Twaibu alifunga kibanda mapema.

Kikwazo cha ndoa kilikuwa baba yake Atupele. Mzee Andongwisye alikuwa mzee wa kanisa, na binti yake alipendwa na Mwislamu. Hakugomba. Alifunga siku tatu, kisha akampigia magoti Mungu mbele ya Atupele na kuomba ishara: Jumamosi, nyumbani kwa shangazi Ferista pale Tunduma, kijana akifika na mshenga wake kabla ya saa nne kamili asubuhi, atamsikiliza. Asipofika, jambo limekwisha, wala halitaulizwa tena. Atupele aliitikia amina. Alijua Twaibu hachelewi.

Ijumaa alimpigia Twaibu kumkumbusha muda. "Mpenzi, usije na hicho kitochi. Baba atasema muuza simu gani hana simu."

"Unanionea aibu?"

"Nakutaka upendeze."

Asubuhi Twaibu alivaa kanzu mpya, akafungua boksi la ile simu ya bati na kuhamishia laini yake humo. Jibu lake kuhusu dini alikuwa amelikariri: Atupele abaki na imani yake, na Jumapili atamsindikiza mwenyewe hadi mlango wa kanisa. Alipompitia mshenga wake, Mzee Abdulwahab, mzee aliuliza kama hawajachelewa. Twaibu alimwonyesha kioo kile kinachong'aa. Bado dakika ishirini ifike saa nne.

Kwa shangazi walikuwa wamesali tangu saa tatu, simu zote zimezimwa na kuwekwa kwenye ungo. Twaibu alipobisha hodi, saa ya ukutani ilikuwa saa tano kasoro dakika tano. Aliitazama, akaitazama simu yake, akaelewa. Alikuwa ameizima saa hiyo kwenye simu za wateja mia mbili, akajisahau mwenyewe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Alieleza yote, kuhusu mnara na Nakonde. Mzee Andongwisye alisikiliza hadi mwisho, macho yamelowa.

"Nakuamini," alisema. "Lakini sikuomba sababu. Niliomba ishara."

Twaibu alimgeukia Atupele. Alikuwa amekaa mkekani, mikono imeshika ungo wa simu.

"Atu, sema neno."

"Niliitikia amina, Twaibu. Nikiifuta hii, nitasali nini tena?"

Usiku na mchana Atupele aliomba moyo wake ubadilishwe, au wa baba. Hakuna uliobadilika. Mwezi wa nne baada ya siku ile, akiwa njiani kupeleka sampuli za kahawa, alisimama mbele ya kibanda na kuweka simu yake juu ya kioo. Twaibu alidhani ameirudisha.

"Ile saa uliyoizima," Atupele alisema, "iwashe."

"Itakudanganya kila ukifika hapa."

"Najua. Nikipita Tunduma nataka pawe na kitu kimoja kinachosema saa nne bado."

Twaibu aliiwasha. Wakasimama wanaitazama, hadi namba zikarudi nyuma.