Kaniki Mpya ya Nyamizi

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Nyamizi alipitia zizini kumkuna shingo ndama wake mwekundu, aliyepewa na babu yake. Siku ile alimkuna harakaharaka. Wanafunzi walikuwa wanakwenda msituni kuiona ngome ya zamani, na Mwalimu Theonest alikwishawaonya: "Vaeni nguo nyeupe. Kaniki ziacheni nyumbani, maana mbung'o hupenda nguo nyeusi, na mbung'o huua ng'ombe."

Lakini Nyamizi alikuwa na kaniki mpya, zawadi ya mjomba wake aliyefanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu kule Geita. Ikae nyumbani siku kama hiyo, wenzake wasiione? Aliikunja akaitia kikapuni, chini ya viazi vya kuchemsha.

Aliyewaongoza alikuwa Bibi Kabula, mzaliwa wa ngome ile, mwepesi wa miguu na mwenye mdomo usiochoka. Aliwaonyesha minyaa mirefu iliyokuwa ukuta wa ngome, na mawe ya kusagia yaliyoachwa majanini.

"Watuta, wale wavamizi wa Kingoni, walikuja hapa na mikuki yao, wakarudi mikono mitupu," alisema kwa majigambo, kana kwamba yeye ndiye aliyewafukuza.

"Sasa mbona mlihama, Bibi?" aliuliza mwanafunzi mmoja, Masele.

"Mbung'o, mjukuu wangu. Tulikwenda msituni kutafuta asali, tukarudi nao migongoni bila kujua. Ng'ombe wakakonda, wakaisha. Mlango tuliwafungulia sisi wenyewe."

Nyamizi alisikia nusu tu. Alikuwa nyuma ya wote, amejitanda kaniki yake, akijigeuzageuza ili rafiki yake Scolastika aione vizuri. Mbung'o waliotua mgongoni hakuwajali.

Mwisho wa msitu palikuwa na kibanda cha ukaguzi. Hakuna aliyeruhusiwa kwenda vijijini kabla ya kukaguliwa na Maige, mlinzi mwenye kinyavu cha kunasia mbung'o. Kabla zamu yake haijafika, Nyamizi aliiviringisha kaniki upesi akaishindilia kikapuni.

"Kuna nguo nyeusi humo?" Maige aliuliza.

"Hamna, baba. Viazi tu."

Akapita. Scolastika alikitazama kikapu, kisha akamtazama yeye.

Walipokaribia kijiji, walikutana na ng'ombe wa kina Nyamizi wakienda kunywa maji. Ndama mwekundu alimtambua, akaacha kundi, akaja mbio kukinusa kikapu. Mara kitu kikavuma ndani ya kikapu. Nyamizi alishikwa na hofu. Yale maneno ya Bibi Kabula aliyoyasikia nusu yakamrudia yote. Alikikumbatia kikapu, akageuka, akakimbia kuelekea kibandani.

"Nyamizi! Unakwenda wapi?" Mwalimu aliita.

"Nimedanganya, Mwalimu! Nina kaniki, na mbung'o wamo humu!"

Maige alikifungua kikapu ndani ya kibanda, mlango ukiwa umefungwa, akawanasa mbung'o wawili wanene. Nyamizi alilia kwa aibu. Alijua fimbo inamngoja. Lakini aliyeingia kwanza alikuwa Bibi Kabula, akihema, akaketi karibu naye.

"Nyamaza, ng'wanone," alisema, yaani mwanangu. "Sisi tuliwaleta mbung'o kwa kutojua. Wewe ulijua, ukadanganya, na hilo ni baya. Lakini umesema kweli kabla hawajamgusa ng'ombe hata mmoja. Laiti siku zile tungejua tukarudi mbio kama wewe, leo mngenikuta ngomeni nakamua maziwa!"

Mwalimu Theonest, aliyekuwa amefika na wanafunzi wengine, alitabasamu, ingawa alijaribu kukunja uso. "Umesikia? Ukikosea, sema mapema, kosa likiwa bado kikapuni. Ukilificha, utalipeleka mwenyewe mpaka zizini. Na kesho utafagia darasa peke yako."

"Ndiyo, Mwalimu," Nyamizi aliitikia kwa furaha, hata wenzake wakacheka.

Jioni ile alikwenda zizini bila kaniki. Alimkuna ndama wake shingo, safari hii bila haraka yoyote.