Kiti cha Dirishani

Jua lilikuwa linazama lori lilipomshusha Simone Mulumba mwanzoni mwa mji wa Kolwezi. Alitoka Fungurume kumfuata mama yake, Ernestine, aliyefukuzwa nyumbani kwake na kukimbilia gare. Huko stesheni Wakasai wengi, waliofukuzwa na Wakatanga kama yeye, walikuwa wanalala chini, wakingoja treni ya kuwaondoa Katanga. Ilisemekana ingepita jioni hiyo.

Gare ilikuwa mbali. Teksi ya kwanza ikasimama.

"Jina ya baba yako?" dereva akauliza.

"Mulumba."

Aliposikia jina la Kikasai, akapandisha kioo, akaondoka. Wa pili akataja bei ya kumwuzisha mtu nyumba. Na huko nyuma, upande wa Manika, vijana wenye fimbo walikuwa wanakuja wakiimba.

Ndipo basi likatokea. Lilikuwa basi la zamani la kubeba wafanyakazi wa mgodi, taa zimezimwa.

"Unafika gare, tata?"

"Panda, mama," dereva akasema bila kugeuka. "Ni bure."

Kiti kimoja tu kilikuwa wazi, cha dirishani. Abiria wengine wote walivaa kofia za mgodini na kutazama mbele. Hakuna aliyekohoa. Harufu ilikuwa ya udongo mbichi... udongo wa chini sana.

Basi likapita katikati ya wale vijana. Hata mmoja hakugeuza kichwa. Simone akashusha pumzi, akamshukuru Mungu.

Kisha akaona moto wa makaa na watu waliojifunika mablanketi. Gare. Basi halikupunguza mwendo.

"Tata, mi nashuka hapa."

Dereva akakata usukani.

Likazunguka, likarudi njia ileile. Gare ikaja tena, ikapita tena. Simone akajaribu kusimama. Miguu ilikuwa baridi na mizito, kama imefukiwa.

Mwanamume wa kando yake akanong'ona. Midomo yake haikutikisika.

"Siye bote tulitaka kushuka pale, mama."

"Na juu ya nini hamushuki?"

"Kiti haibakiake wazi. Ukishuka, lazima mwingine aikale pa nafasi yako."

Gare ikaja tena. Safari hii basi likapunguza mwendo. Kando ya barabara alisimama Ernestine, macho kwenye dirisha la binti yake. Akainua mkono, kama mtu anayesimamisha teksi.

Simone akagonga kioo. "Mama, hapana. Mama, rudia nyuma..."

Mlango ukafunguka.

Ernestine akapanda polepole, akamgusa shavu. Mkono wake ulikuwa na joto.

"Simama, mwanangu. Mi nimechoka. Nitaikala pa kiti yako."

Simone akajikuta amepiga magoti vumbini. Barabara ilikuwa tupu.

Aliyemwinua ni Kalala, jirani wa zamani wa mama yake. Yeye hakuona basi lolote. Alimwona tu Ernestine akiacha mzigo wake na kwenda barabarani, mkono juu, halafu hayuko.

"Kulikuwa basi moja ya bafanyakazi," akanong'ona Simone alipomsimulia. "Iliingia mu shimo mwaka ile mgodi ilianguka. Bamoja banasema kuko mukubwa wa mgodi alibauzisha kwa uchawi, apate mali. Bengine banasema ni uongo."

Walimtafuta hadi treni ilipopiga honi. Watu wakamsukuma Simone ndani ya behewa la mizigo, akilia, akiwakatalia.

Kule Kasai, ndugu walimwuliza mama yuko wapi. Neno *amekufa* lilikataa kutoka.

"Alipata basi," Simone akajibu.

Hawakuuliza tena.