Nani Anafungua Mashine za Kulia?

Tak!

Ukiingia nyumbani kwa Fundi, utasikia sauti hiyo kabla hujamaliza kupiga hodi. Tak! Ni kifuniko cha mashine ya kutotolesha mayai. Anayefungua ni mke wake. Mtaa mzima unamwita Mama Vifaranga.

Mwanamke huyo hatulii, nakwambia. Ukimpa kiti, anakalia nusu. Ukimpa chai, anainywa akiwa amesimama. Siku nzima anazunguka kama kuku anayetaka kutaga.

Chumba cha nyuma kilikuwa na mashine sita ndogo juu ya meza ndefu. Fundi alizitengeneza mwenyewe kwa mbao na bati. Mashine tatu za kushoto zilikuwa za Mama Vifaranga. Tatu za kulia alizihudumia dada yake Fundi, yaani wifi wa Mama Vifaranga. Dada huyo alikuja kukaa nao ili asome chuo cha ushonaji. Asubuhi alihudumia mashine, mchana alikwenda chuoni.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Baadaye mashine za kulia zikaanza kuleta hasara. Vifaranga walitoboa ganda, wakalia, wakashindwa kutoka. Kila kundi la mayai lilipotimiza siku zake, ndoo ya taka ilijaa.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Mama Vifaranga alimwambia mumewe. "Dada yako ana mkono mzito. Kabla hajaja, tulikuwa hatuna shida hii. Jumamosi arudi kwao."

"Kwao ndiko kwetu, mke wangu," Fundi alisema. "Na chuo je? Amebakiza muhula mmoja."

"Chuo kitamngoja. Mayai hayangoji."

Kuta za nyumba ile ni nyembamba. Wifi alisikia kila neno. Siku ya pili mkoba wake ulikuwa umefungwa, umewekwa nyuma ya mlango. Fundi alipouona, moyo ulimuuma. Akavaa viatu, akaenda kugonga kwa jirani.

Jirani huyo alikuwa mwanamke mrefu, mcheshi. Alifanya kazi ya takwimu kwenye kituo cha utafiti wa mbegu. Watu walimwita Dada Nukta, kwa sababu akiulizwa jambo lolote husema, "Ngoja tuchore nukta." Alikuja jioni ileile na kompyuta yake kwapani, akaitua chumba cha nyuma.

"Haya, nipeni mlichonacho," alisema.

"Tuna hasara," alijibu Mama Vifaranga. Alikuwa amesimama, bila shaka.

Dada Nukta alicheka. "Hasara nimeisikia. Nataka vipimo."

Fundi alikuwa na vipimo. Kila mashine aliitia kidude cha kupima joto na unyevu wa hewa. Idadi ya vifaranga aliiandika kwenye simu, pamoja na umri wa mayai yalipoingizwa. Lakini alikuwa hajawahi kuvitazama vyote kwa pamoja.

Walipokuwa wakihamisha vipimo hivyo kwenye kompyuta, Mama Vifaranga alishindwa kuvumilia. Akaisogelea mashine ya kulia, achungulie.

Tak!

Dada Nukta aliinua kichwa. "Hiyo ni nini?"

"Swichi ya kifuniko," alisema Fundi. "Inahesabu kifuniko kimefunguliwa mara ngapi. Niliiweka nijue bawaba zitadumu kiasi gani."

"Na hesabu hiyo ipo?"

"Ipo humohumo."

"Basi nayo tuitie."

Dada Nukta alifungua programu ya takwimu iitwayo R. Ni programu ya bure. Akaandika amri fupi: pairs(mayai), yaani jozi za vipimo vya mayai. Mara kioo kikajaa visanduku, na kila kisanduku kina viduara vidogo vyeusi.

"Mungu wangu!" alisema Mama Vifaranga. "Mbona kama inzi wametua?"

Hata Wifi, aliyekuwa amejibanza pembeni, alicheka kidogo.

"Usiogope inzi hawa," alisema Dada Nukta. "Kila kiduara ni kundi moja la mayai. Tuna vipimo vitano: joto, unyevu, umri wa mayai, kufungua, na vifaranga. Kila kipimo kinakutanishwa na kila mwenzake, viwiliviwili. Kila kisanduku ni mkutano mmoja. Kisanduku kimoja huitwa mchoro wa mtawanyo. Vyote pamoja ni matriksi ya michoro ya mtawanyo."

"Kwa nini vyote?" aliuliza Mama Vifaranga. "Si uchore kile cha mtu na vifaranga, tumalize?"

"Ukimuuliza shahidi mmoja, utasikia neno moja. Mimi nataka mashahidi wote waje. Sasa tuirembe ili isomeke."

Kwanza aliondoa nusu ya juu. "Hii inarudia nusu ya chini, imegeuzwa tu. Inatuchosha macho." Kisha akavijaza viduara vikawa nukta nene. Mwisho akazitia rangi. Nukta za mashine za Mama Vifaranga zikawa za buluu. Za Wifi zikawa nyekundu.

"Tazameni mstari wa chini kabisa. Huo ni wa vifaranga. Nukta ikiwa juu, vifaranga ni wengi. Ikiwa chini, ni wachache."

Mama Vifaranga aliinama mpaka pua ikakaribia kioo. Nukta nyingi nyekundu zilikuwa chini.

"Si nilisema!" alipiga makofi. "Nyekundu ndizo zimeanguka! Haya, nani mwongo sasa?"

Wifi aliangalia sakafu. Mkono wake ukafikia kamba ya mkoba nyuma ya mlango.

"Tulia, jirani," alisema Dada Nukta. "Ungeishia hapo, ungemwonea mtu. Hapa kwenye joto, nukta zimetapakaa, hazina mwelekeo. Kwenye umri wa mayai ni vilevile. Lakini kisanduku hiki cha kufungua, mnaonaje?"

Fundi alisogea. "Zinateremka. Kama ngazi."

"Ndiyo. Upande wa kulia wa kisanduku ni kundi ambalo mashine yake ilifunguliwa mara nyingi. Kadiri unavyokwenda kulia, vifaranga wanapungua. Na kisanduku hiki kinaonyesha kwamba ikifunguliwa sana, unyevu unashuka. Hewa ikikauka, ngozi ya ndani ya yai inakauka pia, kifaranga ananasa. Sasa tazameni hizi nyekundu za kushoto kabisa."

Zilikuwa chache, lakini zilikuwa juu, zimechanganyika na za buluu.

"Hizi ni za miezi ya kwanza," alisema Fundi polepole. "Alipokuwa mgeni."

"Naam. Mkono ni uleule, na vifaranga walikuwa tele. Na hii ya buluu moja iliyoanguka huku kulia?"

Mama Vifaranga alikumbuka. Wiki ile wanawake wa kikundi chake walimtembelea. Alikuwa akiwafungulia mashine yake mmoja baada ya mwingine, waone. Akaisogeza pua mbali na kioo.

"Wewe dada," Dada Nukta alimgeukia Wifi, "mashine zako unazifungua mara ngapi?"

"Sifungui," Wifi alijibu kwa sauti ndogo. "Mayai nayageuza kwa mpini wa nje. Maji natia kwa mpira. Kaka alinifundisha hivyo."

"Basi nani anafungua mashine za kulia?"

Wote walimtazama Mama Vifaranga. Yeye alitazama mkono wake mwenyewe. Ulikuwa umerudi kwenye kifuniko cha mashine ya Wifi, alichokiacha wazi.

Alijua. Miezi ya kwanza aliona haya kumchunguza mgeni; baadaye, kila Wifi alipokwenda chuoni, yeye aliingia kuhakiki kazi yake. Joto liko sawa? Maji ametia? Tak! Baada ya muda kidogo, tena. Tak! Hasara ilivyozidi ndivyo wasiwasi ulivyozidi, na wasiwasi ulipozidi alifungua zaidi. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Wifi," alisema, "nimekukosea. Nilikuwa natafuta mwizi, na mwizi ni mimi. Nisamehe."

Machozi yalimtoka Wifi. "Yamekwisha, wifi yangu. Lakini kifuniko hicho kifunge kwanza."

Fundi aliangua kicheko, na mkewe akaruka kama ameungua.

"Msinishukuru bado," alisema Dada Nukta. "Nukta zinaonyesha mambo yanayokwenda pamoja. Hazitoshi kumfunga mtu. Kujua hakika, jaribuni. Zifungeni mashine zote za kulia kwa kundi moja zima la mayai, mpaka vifaranga watotolewe. Msibadilishe kingine."

Fundi aliweka kufuli. Ufunguo alipewa Wifi. Mkoba ukarudi chini ya kitanda, na Jumamosi ikapita.

Zilikuwa wiki ngumu kwa Mama Vifaranga, hilo lazima lisemwe. Alifua nguo zilizo safi. Alifagia ua uliofagiwa. Kila jioni aliomba, "Wifi, nichungulie kidogo tu?"

"Bado, wifi."

"Kama wamekufa?"

"Ukifungua ndio watakufa."

Siku ilipofika, sauti zilianza ndani ya mbao. Mlio mmoja, halafu mwingine, halafu kelele isiyo na idadi. Mama Vifaranga alifika mezani, mkono hewani. Akaurudisha. Alivuta kiti akakaa, mikono ameikalia.

Wifi alirudi kutoka chuoni, akasubiri mpaka vifaranga wakauke, ndipo akageuza ufunguo. Tak! Walikuwa wamejaa trei nzima, manjano tupu, wanakanyagana. Cha kutupa kwenye ndoo ya taka kilikuwa maganda tu.

"Wifi, njoo uone!" aliita.

Mama Vifaranga hakuinuka.

"Wewe wahesabu," alisema huku akijifuta macho. "Mimi nimekaa."

Fundi alichungulia mlangoni kuhakikisha. Ni kweli. Alikuwa amekalia kiti kizima.