Uji wa Chang'ombe

Bibi Penina alikutwa amekufa Jumamosi asubuhi, nyuma ya jiko ambalo makanisa matatu ya Chang'ombe, mjini Dodoma, yalilianzisha pamoja ili wasiojiweza wapate uji. Wengine waliokunywa walikuwa wakitapika huku wakipakiwa kwenye gari kupelekwa hospitali.

Inspekta Elieth alipofika, watu walikuwa wamemzingira Masudi, mwenye mashine ya kusaga.

"Unga umetoka kwake! Na kanisani kwetu hasali!"

Askari walikuwa wamekuta sumu ya panya mashineni kwake. Elieth aliigeuzageuza ile pakiti. Haikuwa imefunguliwa.

"Nani alikuletea mahindi?" alimuuliza Masudi.

"Mzee Thobias, jana jioni. Zamu ya kuleta mahindi ilikuwa ya kanisa lao. Nilimwambia mahindi yana maji, tuyaanike kwanza. Akasema nisage hivyo hivyo."

Elieth aliomba kuliona gunia. Kwenye mshono zilikuwa zimenasa punje chache. Moja ilikuwa na rangi ya waridi kwenye kitako. Akaifunga kwenye karatasi.

Emilia, mpishi, alikuwa amekaa chini akilia.

"Hukuuonja uji?" Elieth alimuuliza.

"Nilikuwa nimefunga, afande. Ulinuka dawa kidogo. Nikadhani ni sufuria." Akajifunika uso kwa khanga. "Bibi Penina nilimwongeza mara ya pili."

Simu ya daktari ilikuja mchana: wagonjwa wana dalili za dawa ya kuua wadudu, si ya panya.

Elieth alikwenda nyumbani kwa Thobias, mzee wa kanisa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mmeshamkamata yule wa mashine?"

"Bado. Yale mahindi yalitoka wapi?"

"Shamba la kanisa, Hombolo. Tulivuna mwaka huu."

"Mama yangu analima Hombolo, mzee. Mwaka huu mahindi yalikauka yakiwa kimo cha goti."

Elieth akazunguka nyuma ya nyumba. Kwenye karo, saruji ilikuwa na doa la waridi, na pembeni yake kuku wawili walikuwa wamekufa, midomo wazi.

"Ulikuwa unaosha mbegu za kupanda," alisema. "Zile zilizotiwa dawa."

Alimpeleka jikoni, mbele ya Emilia, Masudi na wazee wa makanisa mengine mawili.

"Niliziosha mara tatu," Thobias alisema. "Mpaka maji yakawa meupe. Nilijua dawa imetoka yote."

"Kwa nini, mzee?" Elieth aliuliza. "Hakuna aliyekulazimisha."

"Wenzetu wameleta kila zamu ilipowafikia, na maharage juu. Mimi ndiye niliyesimama hapa nikasema kanisa letu halitashindwa. Ghala likawa tupu. Zilikuwepo mbegu tu."

"Na leo asubuhi walipotaka kumpiga Masudi, ulikuwa wapi?"

"Pale mlangoni," alisema Thobias. "Niliona."

Masudi aligeuka akaondoka.

Emilia alisimama. Hakupaza sauti. "Ungetuambia hamna kitu, Mzee Thobias. Tungepika unga wa kwetu, na wewe ungekuja kutusaidia kukoroga."

Thobias alitazama chini huku askari wakimfunga pingu.

"Hayo ndiyo maneno niliyoogopa kuyasikia," alisema.